Pesa Iliyoingia kwa Till Si Yote Yako: Hatari za Kuuza Mtandaoni Ukiwa Makadara

Aprili 2019, kampuni ya Jumia iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la New York. Kabla ya kuuza hisa hata moja, sheria za Marekani ziliitaka iandike waziwazi mambo yote ambayo yangeweza kuiangusha, ili anayenunua hisa asije akasema hakuambiwa. Kampuni ikaandika. Ikakiri kwamba tangu ianze mwaka 2012 haikuwa imepata faida, na kwamba kufikia mwisho wa 2018 hasara iliyojumlika ilikuwa euro milioni 862. Ikataja pia sarafu zinazoyumba, ushuru, sheria za data, bidhaa ghushi na matapeli.

Sasa wewe unauza viatu kupitia WhatsApp na Instagram ukiwa Jericho, Hamza, Maringo au Harambee. Hakuna anayekulazimisha uandike ukurasa kama huo. Lakini hatari zenyewe ni zile zile, ila zimepunguzwa saizi. Tofauti ni kwamba Jumia ilikuwa na pesa za wawekezaji za kufunika mashimo, na wewe una ile iliyo kwa simu.

Somo la leo ni kuandika ukurasa wako mwenyewe wa hatari. Chukua daftari, ama fungua sehemu ya kuandika kwenye simu. Tutaanza na pesa kwa sababu ndiyo huua biashara haraka zaidi, halafu twende kwa sheria, ambayo huua polepole na wakati mwingine kwa siku moja.

Wakubwa walianguka vipi?

Kabla ya kujihesabia, angalia waliotangulia hapa Kenya. Sky.Garden lilikuwa soko la mtandaoni lililowasaidia wauzaji wadogo kufungua duka kwa simu. Oktoba 2022 likaomba kufilisiwa. Desemba mwaka huo huo likanunuliwa na Lipa Later, kampuni iliyowapa watu bidhaa walipe pole pole. Machi 2025, Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni.

Copia nayo ilianza 2013, ikiwauzia watu wa mashinani kupitia mawakala wa mtaani. Januari 2022 ilitangaza kupata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji. Mwaka uliofuata ikaondoka Uganda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Wateja walikuwepo na oda zilikuwepo. Pesa ya kuendesha shughuli ndiyo iliisha kabla faida haijafika.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kusoma hizi habari. Mtu anasema, "Biashara ya mtandaoni haina soko Kenya." Si kweli. Soko liko, ila kila oda ilikuwa inakula pesa nyingi kuliko ilivyoleta, ama pesa ilikuwa inachelewa kurudi. Unaweza kuwa na oda mia na bado ukose nauli ya kwenda Gikomba.

Hesabu ya jozi 60 za viatu

Tuchukue mfano. Muuzaji wetu anaishi Jericho na anauza jozi 60 kwa mwezi, kila jozi Sh2,500. Till inaonyesha Sh150,000 zimeingia. Kwa macho ya jirani huyu mtu ameomoka.

Viatu alivinunua Sh1,500 kila jozi, hiyo ni Sh90,000. Matangazo ya mitandao yakala Sh12,000. Mifuko ya kufungia Sh3,000. Ili kuvutia wateja alisema delivari ni bure ndani ya Eastlands, kwa hivyo analipa bodaboda wastani wa Sh150 kwa oda, jumla Sh9,000. Bando za intaneti na ada ndogo ndogo Sh3,000.

Halafu jozi tano zikarudi. Moja saizi haikuingia, nyingine rangi haikufanana na picha, mteja mwingine alibadilisha mawazo tu. Amewarudishia wateja Sh12,500, na bodaboda ya kurudisha imemgharimu Sh250 kwa kila jozi, yaani Sh1,250. Katika hizo tano, tatu zinaweza kuuzwa tena. Mbili zimechafuka soli, hakuna atakayezinunua.

Ukitoa vyote hivyo, mauzo halisi ni Sh137,500. Gharama ya viatu ni Sh85,500 kwa sababu jozi tatu zimerudi kwenye mali. Toa Sh27,000 za matangazo, mifuko, delivari na bando, toa na ile ya kurudisha. Kinachobaki ni Sh23,750. Bado hajalipa ushuru, na bado hajajilipa yeye mwenyewe kwa mwezi mzima wa kujibu "iko?" saa sita usiku.

Kwa hivyo ile Sh150,000 iliyoonekana kwa Till, yake ni chini ya moja kwa sita. Ingine yote ni ya mwenye viatu, ya bodaboda, ya mwenye matangazo, na ya wateja ambao bado hawajaamua kurudisha. Akitoa Sh30,000 wikendi kulipa rodi ya chama, atakuwa amekula pesa ya mzigo unaokuja.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa bei ya ofa. Tuseme Novemba ameshusha hadi Sh2,000 kwa sababu kila mtu ana ofa, na idadi ya oda haikuongezeka. Mauzo baada ya kurudisha ni Sh110,000. Gharama zimebaki pale pale. Amepata hasara ya Sh3,750. Shilingi mia tano tu kwa jozi imegeuza mwezi mzima, na ndiyo maana ofa inafaa ihesabiwe kwa daftari kabla haijawekwa kwa status.

Dola inapanda, dola inashuka

Wanaoagiza mzigo kutoka China au Dubai wanajua uchungu wa dola kupanda. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Kiatu cha dola 10 kilikuwa Sh1,600 kabla ya usafiri na ushuru wa forodha.

Kile wengi hawakutarajia ni kwamba shilingi ingepata nguvu haraka vile. Kufikia Aprili dola ilikuwa karibu Sh130. Kiatu kile kile sasa ni Sh1,300. Wanunuzi walifurahi, lakini fikiria aliyekuwa amejaza chumba na mzigo wa Januari. Jirani yake ameagiza mpya kwa bei ya chini na anauza rahisi. Yeye lazima achague: auze kwa hasara, ama akae na viatu hadi mtindo upitwe.

Kwa hivyo hatari ya sarafu iko pande zote mbili, na huwezi kuitabiri. Unachoweza ni kupunguza muda ambao pesa yako imelala ndani ya maboksi. Mzigo mdogo mara nyingi ni ghali kidogo kwa usafiri, lakini kwa mtu ambaye mtaji wake wote uko kwa mzigo mmoja, mimi naona hiyo ni gharama nzuri kulipa.

Mkopo wa simu kununulia mzigo nao unafaa uandikwe kwa ukurasa wako. Mkopo wa siku 30 unataka mali inayoisha kwa siku 30. Mzigo wa meli hauishi siku 30, saa zingine hata haujafika Mombasa. Ukikopa kwa muda mfupi kununua kitu cha muda mrefu, utalipa mkopo wa kwanza kwa mkopo wa pili. Na kabla ya kukopa kwa programu yoyote ya simu, hakikisha mkopeshaji yuko kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Orodha hiyo ilianza baada ya kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za Machi 2022.

Meseji si pesa

Hapa hatutakaa sana kwa sababu tumeandika mara nyingi, lakini bado kila wiki kuna mtu analizwa.

Mteja amekuja kuchukua viatu steji ya Hamza jioni, kuna watu wengi, anakuonyesha simu: "Bosi, nishatuma, ona." Unaona meseji yenye jina lako na kiasi sawa. Unampa mfuko. Ukifika nyumbani hakuna kitu. Meseji ya kweli inatoka kwa jina la kampuni ya malipo, lakini matapeli wanaweza kuandika maneno yale yale kutoka kwa nambari ya kawaida, au kuhariri ya zamani. Usiangalie simu ya mteja. Usiangalie hata meseji yako pekee. Angalia salio la Till ama orodha ya miamala, uone ile kodi ya herufi na tarakimu. Ukiwa na haraka sana hadi huwezi kuangalia, hiyo haraka si yako, ni ya tapeli.

Ingine ni ya "nimetuma kimakosa." Pesa ya kweli inaingia kwa simu yako kutoka kwa mtu usiyemjua, halafu anapiga akilia, "Dada, tafadhali nirudishie, ni ya hospitali." Unamtumia kwa mkono wako. Wakati huo huo amekwisha omba kampuni irudishe ule muamala wa kwanza. Umelipa mara mbili. Jibu ni moja tu, kwa upole: aombe kurudishiwa kupitia kampuni ya malipo. Kwa M-Pesa mtumaji anapeleka ile meseji kwa 456. Kama kweli alikosea, atasaidiwa.

Kuhusu wateja wanaochukua bidhaa halafu wanaomba malipo yarudishwe: ulinzi wako ni ushahidi. Weka mazungumzo ya oda, picha ya mfuko ukikabidhiwa, na jina na nambari ya bodaboda aliyepeleka. Ukiulizwa, unatuma mara moja.

Na ile ya lipa ukipokea? Ni nzuri kwa kujenga imani, hasa kwa mteja mpya. Lakini ujue unamkopesha mtu usiyemjua bodaboda ya kwenda na kurudi. Hata Jumia, Agosti 2019, ilibidi itangaze kwamba baadhi ya mawakala na wauzaji wake walikuwa wameweka oda ambazo hazikuwa za kweli. Njia ya katikati ambayo wengi wa Nairobi wanatumia ni mteja alipe delivari kwanza, Sh150 au Sh200, halafu kiatu alipe akikiona. Anayetaka kweli hakatai.

Ushuru wa 3%, hata ukiwa na hasara

Sasa tuje kwa sheria. Wauzaji wengi wa mtandaoni huniambia, "Mimi sina duka, ushuru ni wa wenye maduka." KRA haiangalii duka, inaangalia mauzo.

Kama mauzo yako ya mwaka yamepita Sh1 milioni na hayajafika Sh25 milioni, unaingia kwa ushuru wa mauzo ambao wengi huuita TOT. Tangu Julai 2023 kiwango ni 3%, na zamani kilikuwa 1%. Unalipa kila mwezi, kabla au siku ya 20 ya mwezi unaofuata. Muuzaji wetu wa Jericho anauza Sh150,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh1.8 milioni kwa mwaka. Kwa hivyo yumo, apende asipende.

Neno la kushika hapa ni mauzo. TOT haijali faida. Kwenye mwezi wake mzuri, 3% ya Sh137,500 ni Sh4,125. Inasikika kidogo, lakini ilinganishe na ile faida ya Sh23,750: ni zaidi ya Sh17 kwa kila Sh100 alizopata. Kwenye mwezi wa ofa alipopata hasara ya Sh3,750, bado anadaiwa Sh3,300. Hasara yake inakuwa Sh7,050.

Kama faida yako kwa kila bidhaa ni nyembamba, kwa mfano unauza simu au unga, TOT inaweza kukumaliza. Sheria inakuruhusu kuandikia KRA kwamba hutaki kuwa chini ya TOT, ulipe ushuru wa kawaida wa mapato unaohesabiwa kwa faida. Lakini hapo lazima uwe na vitabu vya hesabu vinavyoeleweka na risiti za kila gharama. Kaa na mhasibu saa moja, ulize ni ipi inakufaa. Hiyo saa moja hujilipa.

Mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT yakifika Sh5 milioni kwa miezi 12, unalazimika kujisajili kwa VAT ya 16%. Wauzaji wanaokua haraka hupita huo mstari bila kujua, wakiwa wameuza miezi kadhaa bila kuongeza VAT kwa bei. Ile 16% inayodaiwa baadaye haitoki kwa mteja, maana viatu vyake vimeshaanza kuisha soli. Inatoka kwako. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi 12 iliyopita, si tangu Januari.

Halafu kuna eTIMS. Tangu 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliki wakati mfanyabiashara anapohesabu ushuru wa mapato. Maana yake kwako ni hii: ofisi au shule ikitaka kununua jozi 40 kutoka kwako, kitu cha kwanza watauliza ni ankara ya eTIMS. Ukikosa, wanaenda kwa mwingine. Si lazima uwe na kompyuta. Unaweza kuanza kwa simu ya kawaida kupitia *222#.

Ukiuza kupitia masoko makubwa ya mtandaoni, fahamu pia kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria imeweka zuio la 5% kwa malipo ambayo wenye masoko hayo wanayafanya au kuyapitisha kwa wauzaji walio Kenya. Pesa ikikufikia ikiwa pungufu, uliza kama ni zuio, na uitishe cheti chake. Hicho cheti ni pesa yako iliyotangulia kulipwa kwa KRA.

Picha ya mteja ilivyogharimu Sh5 milioni

Wauzaji hupenda kuweka picha ya mteja akiwa amevaa bidhaa. "Asante dada kwa kutuamini." Inavutia wateja wengine. Lakini uliomba ruhusa?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema picha, nambari ya simu na anwani ya mtu ni data yake. Desemba 2022, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza Oppo Kenya faini ya Sh5 milioni kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila idhini yake. Septemba 2023, Casa Vera Lounge ya Nairobi ikatozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja aliyekuja kujistarehesha. Hakuna aliyeiba pesa ya mtu hapo. Ni picha tu.

Kama mauzo yako ni chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na una wafanyakazi chini ya kumi, kwa kawaida hulazimiki kujisajili na afisi hiyo. Lakini sheria yenyewe bado inakuhusu. Omba ruhusa kwa meseji, ili jibu libaki limeandikwa: "Naweza kuweka picha yako kwa ukurasa wetu?" Akisema ndiyo, sawa. Akibadilisha mawazo baadaye, toa. Pia acha ile tabia ya kuweka nambari za wateja wote kwa grupu moja la WhatsApp bila kuwauliza. Mama wa Maringo aliyenunua viatu vya mtoto hakuomba nambari yake ionekane na watu 200.

Na ukidaiwa, au mteja akikosa kulipa, usiweke jina lake na picha yake kwa Facebook ukimwita mwizi. Deni la Sh2,500 linaweza kukuzalia kesi.

Viatu vya "grade A"

Hii tuseme bila kuzunguka. Ukiuza kiatu chenye nembo ya kampuni kubwa ambacho hakikutengenezwa na hiyo kampuni wala kwa ruhusa yake, hata ukikiita "grade A" au "kopi safi", unauza bidhaa ghushi. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inasema anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kulipa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Tena wewe uliyeuza mtandaoni umejiandikia ushahidi: picha, bei, tarehe, na nambari yako ya simu chini yake.

Wanaouza vipodozi wana yao pia. Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki au hydroquinone zimepigwa marufuku na KEBS miaka mingi, hata kama zinauzwa waziwazi mjini. Wateja wako wakiumia, aliyekuuzia jumla hatajulikana. Atakayejulikana ni wewe.

"Mali ikishauzwa hairudi"

Wengi wameandika hivyo juu ya ukurasa wao. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu mikataba ya kwenye intaneti: muuzaji lazima atoe maelezo ya kutosha kabla mteja hajakubali, na mteja apate nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha oda. Haki hizo haziondolewi na kijisentensi ulichoandika kwa bio.

Hii haimaanishi kila anayebadilisha mawazo lazima arudishiwe. Inamaanisha uandike sera inayosimama: kiatu chenye kasoro nabadilisha, saizi ikikosa nabadilisha ndani ya siku kadhaa kama hakijavaliwa nje, delivari ya kurudisha analipa nani. Mtumie mteja maneno hayo kabla hajalipa, kwenye mazungumzo yale yale. Dakika mbili tu, na ubishi mwingi unaisha hapo.

Laini ni yako peke yako

Februari 2024, Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa zaidi na FATF, shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa pesa. Ndiyo moja ya sababu kampuni za malipo na benki zinakuuliza maswali mengi siku hizi: kitambulisho, PIN ya KRA, biashara yako ni ya nini. Wengine hukasirika. Lakini jiulize, rafiki akikwambia, "Niazime Till yako, kuna pesa kidogo naingiziwa, nitakuachia elfu tano," ni nani ataonekana kwa rekodi? Uchunguzi ukianza, akaunti inayoweza kufungiwa ni yako, na mtaji wote wa viatu uko humo ndani.

Tenganisha pia laini ya biashara na laini ya nyumbani. Michango ya mazishi, kodi ya nyumba na pesa ya chama zikichanganyika na mauzo, hutaweza kuonyesha KRA ni ipi ilikuwa biashara. Kwa simu yako zote zinafanana.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa karibu saa sita. Wauzaji waliokuwa na nambari za wateja kwa daftari walipiga simu na kutuma SMS. Waliokuwa na kila kitu ndani ya WhatsApp walikaa wakingoja. Andika hiyo pia kwa ukurasa wako, na kando yake andika ni wapi umehifadhi oda zako nje ya hizo programu. Ukihifadhi nambari za wateja, zilinde kwa nywila. Kumbuka ile sheria ya data.

Mtu akikataa kabisa kulipa

Mwisho wa ukurasa wako uwe na nafasi ya madeni: nani anakudai, nani unamdai, tangu lini. Muuzaji wa jumla aliyechukua pesa yako na hakuleta mzigo, au duka lililochukua jozi 20 likasema litalipa mwisho wa mwezi, anaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Nairobi ilianza Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba taarifa ya miamala ya Till ya miezi inayohusika, picha za skrini za mazungumzo yakiwa na tarehe, na ankara ya eTIMS kama ulitoa.